Kichwa cha mti kiko chini: safari yangu toka Lubumbashi mpaka Kolwezi

Jumatatu, Lubumbashi

Watu wa nyumbani wameniuliza hii safari ni ya nini mpaka nimechoka kujibu, kwa hiyo naandika hapa mara moja kila mtu asome. Niko mwaka wa mwisho wa filozofia chuo kikuu pale Kasapa na memwari yangu, ile kazi ndefu ya kumalizia masomo, ni juu ya mimea, ndiyo, miti, majani, magugu, vile wanafilozofia walivyoisema toka Wagiriki mpaka leo. Shangazi alicheka kweli, akasema kama mtu anaweza kupewa diploma juu ya majani basi mbuzi wake wote ni madokta. Sawa. Ila mi naona hakuna kitu wanafilozofia wamekitumia sana kama mmea, na hakuna kitu wamekiangalia kidogo kama huo mmea wenyewe.

Anza na Aristotle. Kwenye kitabu chake cha roho alipanga ngazi: mmea una roho ya kujilisha, kukua na kuzaa, basi, mnyama anaongeza kuhisi, binadamu anaongeza akili. Hiyo ngazi imekaa miaka zaidi ya 2,300 na bado haijavunjika vizuri. Ibn Sina aliichukua, kwake roho ya mmea ina nguvu tatu, kula, kukua, kuzaa. Albertus Magnus huko Ulaya karne ya 13 akaandika vitabu saba juu ya mimea akiwa juu ya ngazi hiyohiyo. Na kuna kitabu kimoja cha mimea ambacho watu karne nyingi walisoma wakijua ni cha Aristotle kumbe ni cha Nicolaus wa Damasko, kilitoka Kigiriki kikaingia Kiarabu, toka Kiarabu kikaingia Kilatini, alafu toka Kilatini kikarudishwa tena Kigiriki, yaani kimesafiri kuliko mimi nitakavyosafiri maisha yangu yote.

Alafu mwaka 1945, hapahapa mjini kwetu, wakati bado panaitwa Elisabethville, kikachapwa kitabu cha filozofia ya Kibantu cha Placide Tempels, padri Mfransisko toka Ubelgiji aliyeishi na Waluba. Kwake kila kilichopo ni nguvu: Mungu juu, mababu, watu walio hai, kisha chini wanyama, mimea, mawe. Niliposoma mara ya kwanza nikasema mh, tumerudi kwa Aristotle? Kumbe kuna tofauti kubwa. Kwa Aristotle kila mmoja amekaa kwenye kidato chake, kwa Tempels zile nguvu zinasukumana, moja inaongeza ingine au inaipunguza, kwa hiyo mmea uko chini ndiyo lakini unaweza kumnyanyua mtu aliye juu yake au kumwangusha. Najua Césaire, yule mshairi wa Martinique, alimshambulia Tempels kwa kuwapa Wabantu falsafa huku wananyimwa mshahara na heshima, na wengi baada yake wameuliza kama yale ni mawazo ya Waluba au ya padri. Hayo nayaacha kwa sura ya tatu.

Kitu kinachonisumbua sana ni kichwa. Plato kwenye Timaeus anasema binadamu ni mmea wa mbinguni, mizizi yake ni kichwa, na kichwa kimeshikwa huko juu roho ilikotokea. Mwanafunzi wake Aristotle anageuza: mizizi ya mti ndo kichwa na mdomo wake, kwa hiyo mti umesimama kichwa chini. Wote wawili wanatafuta kichwa kwenye mti! Nilimpelekea profesa kurasa kumi juu ya hiyo habari, akazirudisha na neno moja chini: "Toka nje." Kesho natoka.

Jumanne, bado Lubumbashi

Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, ananijua, akanipeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi na wajiolojia, kubeba mifuko ya udongo na kuchimba vishimo vya kupimia. Ni mwezi wa nne, mvua zinaisha, mzee akasema ndo wakati wenyewe. Tulienda mahali ambapo moshi wa lile chimini kubwa la mji ulikua unaangukia miaka na miaka. Ukitoka kwenye nyumba ghafla hakuna miti, udongo mwekundu uko wazi, majani mafupi yako kwa viraka, na katikati ya viraka ndo tukaliona.

Ua la mukuba, yaani la shaba. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Kusema kweli ukilipita hutaligeukia, linafika gotini tu, juu lina vichwa vidogo vya maua ya bluu inayoelekea zambarau. Mzee alikata shina moja akanipa nilizungushe kwenye vidole, lina pembe nne, huo ni ukoo wa mnanaa. Hakuna zaidi. Lakini hiki kidude kinaota kwenye udongo wenye mukuba wa kuua karibu kila mmea mwingine.

Mzee akasema: "Mwana, bantu ba zamani habakukua na mashini. Balikua banaangalia kilima kwenye muti inakatala kuota, na hii maua inakubali. Pale njo balichimba." Na siyo hadithi ya kufurahisha wageni. Watafutaji wa madini wa wakati wa Wabelgiji waliyatumia maua hayahaya, na wanaakiolojia nao walikuja kugundua kwamba ukiliona limejikusanya mahali ambapo hapana kilima chochote, chini yake unaweza ukakuta mahali ambapo wahenga waliyeyusha mukuba, maana mabaki ya tanuru yameuacha udongo na sumu yake mpaka leo. Katika safu yote ya vilima vya mukuba vya Katanga kuna mimea kama 30 hivi ambayo haiko mahali pengine popote duniani, mmoja wao, Crepidorhopalon perennis, ni wa kilima kimoja tu, kile cha Étoile, hapo Kalukuluku, ambapo uchimbaji wa kizungu ulianza mwaka 1911.

Nikamweleza mzee juu ya Aristotle, kwamba mmea hauhisi. Sababu yake ni nzuri ukiifuata taratibu: anasema mmea unapata joto na baridi, lakini hauna ndani yake ile kati-na-kati ya kupimia, kwa hiyo joto linauingia tu, haulijui kama joto. Na Plato alikua amekataa hapo, yeye aliupa mmea raha, maumivu na tamaa. Mzee akawaza, akauliza sasa hii maua inapima ama haipime? Sikujibu haraka. Kuna wanaosema haliutafuti mukuba kabisa, ukilipanda kwenye udongo wa kawaida linashambuliwa na kuvu, na mukuba unalikinga, kwa hiyo limekimbilia kwenye sumu kwa sababu maadui zake hawawezi kulifuata huko. Kama ni hivyo basi hakuna uchaguzi wowote, ni hesabu ya nani amekufa na nani amebaki. Ila mi bado naona kuna kitu cha kujulia pale, kwenye kilima chenyewe na ua lake na mtu anayeangalia, hata kama ndani ya ua hakuna mtu.

Nikamwambia na habari ya Socrates, vile alivyolala chini ya mti mkubwa kando ya mto Ilissos akamwambia Phaedrus kwamba mashamba na miti havitaki kumfundisha kitu, watu wa mjini ndo wanamfundisha. Yaani amelala kwenye kivuli chake na anautukana! Alafu mwaka 399 kabla ya Kristo huyohuyo akanyweshwa sumu ya mmea akafa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi ulimufundisha," akasema.

Jumatano, njiani na Likasi

Bisi ilitakiwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi, ilitoka saa tatu, sina la kuongeza. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilometa 120, lami, peaje, malori ya madini yamejipanga. Kabla ya kufika tairi likapasuka. Tulishuka wote tukakaa pembeni kwenye miti na kulikua na mtoto wa mama mmoja hivi, miaka saba au nane, analia kwa kuchoka, nikakumbuka Leibniz, yule mwanafilozofia Mjerumani.

Leibniz alikua na sheria kwamba hakuna vitu viwili duniani vinavyofanana kabisa kabisa, kama vinafanana kila kitu basi ni kimoja. Anasimulia mwenyewe kwamba siku moja kwenye bustani ya Herrenhausen, mbele ya binti mfalme Sophia, bwana mmoja alibisha akasema atapata majani mawili sawa. Akakimbia bustani yote. Hakupata. Nikamwambia yule mtoto ukiniletea majani mawili yanayofanana kila kitu nakununulia biskwiti Likasi, na akaanza, na wenzake wawili wakajiunga, na mama zao wakaanza kuamua kesi, hili limetobolewa na mdudu, hili mshipa umepinda, huyu amekata ncha na kucha anatudanganya! Mpaka tairi linafungwa hakuna aliyeshinda. Biskwiti nilinunua hata hivyo. Na ukiangalia vizuri Leibniz hakuhitaji jani, sheria yake aliitoa kwenye mantiki, jani lilikua la kuonyesha tu. Ndo ninachosema kila siku.

Likasi usiku. Mji wa V. Y. Mudimbe, mwanafilozofia wetu na mwandishi, alizaliwa hapa mwaka 1941 pakiitwa Jadotville. Nimekula bukari na sombe, nimelala.

Alhamisi, barabara ya Kolwezi

Leo nilipata nafasi kwenye lori la jamaa anayebeba makala, yaani mkaa, tukasimama mara nyingi msituni kuchukua magunia, na hapo ndo nimejifunza kuliko kwenye maktaba, profesa asisome hapa. Gunia limesimama kando ya barabara, mdomoni limefungwa kwa majani na kamba iliyosukwa kama wavu ili makala yapite juu ya shingo ya gunia, ukishika unaona limejaa kweli au wamejaza matawi katikati. Nyuma kidogo kuna tanuru lenyewe, magogo yamefunikwa na udongo, moshi unatoka kwenye vitundu, na kuzunguka hapo ni visiki vitupu, vimekatwa kwenye urefu wa goti.

Nilifikiri nitaona makaburi. Kumbe kila kisiki cha mwaka jana kimetoa machipukizi pembeni, mengine yamenipita urefu. Mwenye tanuru akaniona nimeinama napiga picha na telefone: "Unawaza nimeua ule muti? Rudia kisha mvua mbili." Miti ya miombo, hasa ile ya Brachystegia na Julbernardia, inarudi toka kwenye kisiki na mizizi kama ikiachwa. Kama ikiachwa, maana kando ya Lubumbashi haiachwi, wanakata, wanalima, moto unapita, wanakata tena, na wenye makala wenyewe wanasema sasa wanaenda mbali kila mwaka.

Sasa hapa ndo naingia kwa mtu ninayempenda kuliko wote, Theophrastus. Alizaliwa Eresos kwenye kisiwa cha Lesbos, alichukua shule ya Aristotle baada ya mwalimu kuondoka, na ameacha vitabu tisa vya kuelezea mimea na sita vya sababu zake. Ukitoka kwa mwalimu wake ukaingia kwake unajua huyu mtu ameinama akaangalia. Anasema kwenye kitabu cha kwanza kabisa kwamba tusijilazimishe kulinganisha mmea na mnyama kwa kila kitu, pale ambapo haulingani ni kupoteza muda. Mnyama ana viungo vya kuhesabu, ukikata mguu umeondoka. Mmea hauna hesabu, unaangusha sehemu zake unaota zingine, na unaweza kuota popote kwa sababu uhai uko kila mahali ndani yake. Nimesimama kwenye kile kisiki nimeisoma hiyo sentensi kwenye telefone, na dereva anapiga honi.

Kwa hiyo kichwa cha mti kiko wapi, juu kama cha Plato au chini kama cha Aristotle? Kisiki kimekatwa chochote unachotaka kukiita kichwa na kimeendelea. Swali lenyewe limekosewa, na Theophrastus alishawaambia.

Njiani nilikua nawaza pia juu ya Descartes, barua yake ya mwaka 1647 mbele ya Kanuni za Filozofia kwa Kifaransa, filozofia yote ni kama mti, mizizi ni metafizikia, shina ni fizikia, matawi ni sayansi zingine, hasa udaktari, mekanika na maadili, na matunda yanachumwa kwenye matawi, siyo kwenye mizizi. Mti mzuri, umechorwa kwa rula. Wafaransa wawili, Deleuze na Guattari, wakaja mwaka 1980 wakaandika kwamba wamechoka na mti, wao wanataka rizomu, ile inayotambaa chini kama tangawizi, haina mwanzo wala shina. Maprofesa wetu wanawapenda mno. Mi nasema mtu aliyechoka na mti wa Descartes hajachoka na mti, amechoka na mchoro. Mti wa leo nilioukanyaga una shina na unatambaa chini na unaota pembeni vyote kwa pamoja, na hakuna aliyeuuliza.

Tumepita Fungurume usiku, vilima vimewashwa taa za migodi. Vile vilima navyo vina mimea yake ya mukuba, na baadhi ya ile mimea imehamishwa ikapandwa mahali pengine kabla ya kilima kuchimbwa.

Ijumaa, Kolwezi

Nimefikia kwa mama mkubwa. Asubuhi nikaomba anipeleke Ruwe, maana huko ndo Tempels aliporudi toka Ulaya alianzisha Jamaa, kikundi cha Wakatoliki, miaka ya mwanzo ya 1950, na wafanyakazi wa mgodi na wake zao. Watu wa filozofia wanasoma kile kitabu cha 1945 na wanasimama hapo, kama vile padri alikufa siku ileile, wakati yeye aliishi mpaka 1977 na kazi aliyoifanya na watu wenyewe ilikuja baada.

Tulimkuta mama mmoja mzee sana, amekaa kwenye mkeka anatoa maharagwe kwenye maganda. Nikampa heshima zote, nikamweleza nasoma nini, nikauliza kama kwenye mafundisho walisema kitu juu ya mimea. Akasema hapana. Akaendelea na maharagwe. Alafu bila kuinua macho akasema walifundishwa mambo matatu, "uzima, uzazi na mapendo," na kwamba mtu asiye na hayo matatu siyo mtu kamili.

Nilikaa kimya, mama mkubwa akafikiri nimekosa heshima. Lakini hebu angalieni. Uzima na uzazi. Hivyo viwili ndo hasa Aristotle alivyoupa mmea, kujiweka hai na kuzaa mwingine kama wewe, akasema hiyo ndo kazi ya asili kuliko zote kwa kila chenye uhai, ni njia ya kila kiumbe kushiriki cha milele kwa kadiri kinavyoweza. Alisema hivyo mwenyewe! Kwenye kitabu hichohicho cha ngazi! Sisi tuliobaki tukasoma ngazi tukafikiri kidato cha chini ni cha aibu, kwamba "anaishi kama mmea" ni tusi. Huyu mama ameyachukua mambo mawili ya mmea akayafanya utu, akaongeza mapendo tu. Na hata mapendo, Empedocles zamani kabla ya Plato alisema ndo nguvu inayounganisha vitu vyote, na huyo ndo yule aliyedai kwamba yeye mwenyewe alishawahi kuwa mvulana, msichana, kichaka, ndege na samaki. Kichaka kimo kwenye orodha, bila kuonewa haya.

Sitaki kusema Tempels alitoa haya kwa Aristotle. Alisoma seminari, Aristotle alimjua kupitia Thomas wa Akwino kama kila padri, na pia aliwasikiliza Waluba. Kipi kilitoka wapi sidhani kama mtu anaweza kukata kwa kisu. Kinachonitosha mimi ni kwamba ule mpango haukuhitaji ngazi.

Mama mzee aliniuliza nitaoa lini. Nikasema baada ya memwari. Akarudi kwenye maharagwe.

Jumamosi, Kolwezi

Mvua. Mama mkubwa anatengeneza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na mi nimekaa jikoni. Uji wa mahindi umepikwa jana umeiva, mzito, ukiweka kijiko kinasimama. Akaleta fungu la mizizi ya munkoyo kutoka sokoni, amesafisha, amepondaponda kwa nyundo juu ya jiwe mpaka imekua kama nyuzi za kamba. Akangoja uji upoe ubaki vuguvugu, hii ni lazima, ukiwa wa moto mzizi unakufa na hakuna kitu kitatokea, akaiingiza akakoroga. Nikaangalia saa. Haikupita muda mrefu ule uji mzito ukaanza kulegea, ukawa wa kumiminika, alafu nikaonja, mtamu, na hakuna sukari iliyoingia humo.

Binamu yangu anafundisha biolojia sekondari, akaeleza kwa raha zote: kwenye mzizi kuna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi kuwa sukari, na moto unaviharibu. Nikamwambia unaona, Aristotle aliandika kwamba mmea hauna tumbo, unatumia ardhi kama tumbo lake, chakula kinaufikia kikiwa kimeshameng'enywa. Leo mzizi umetoka kwenye ardhi, umeingia kwenye sufuria na umemeng'enya chakula chetu. Akasema Aristotle akale uji wake.

Tukabishana mpaka mchana. Mi nilimletea Kant, mwaka 1790, kwamba hatatokea Newton hata wa kueleza unyasi mmoja tu kwa sheria za mekanika. Yeye akasema alitokea, anaitwa Darwin. Nikasema sawa, basi nakupa Darwin mwenyewe, mwaka 1880, kitabu cha mwendo wa mimea alichoandika na mtoto wake Francis, ukurasa wa mwisho kabisa: siyo kutia chumvi, anasema, kwamba ncha ya mzizi inafanya kazi kama ubongo wa mnyama mmoja wa chini. Kichwa kimerudi chini, miaka 2,200 baada ya Aristotle! Binamu akakataa kabisa. Mzizi hauna neva, usiniletee ubongo, ncha inahisi mvuto na maji na inapinda, hiyo inatosha, kwa nini kila mara mnataka kuupa kichwa ndo muuheshimu?

Na hapo amenishika, kwa sababu ndo maneno ya Theophrastus na hajamsoma hata mstari. Nimemwambia nitamwandika kwenye shukrani. Amesema afadhali nimnunulie krediti ya telefone, na nirudishe sufuria ya mama.